Jino la Baba na Majiji Mawili

Jumanne, 3 Machi
Mvua ya kwanza imenyesha leo, na Daktari akaichagua siku hiyo hiyo kutuambia kwamba anastaafu. Masika yakiisha, kliniki inafungwa. Alisimama mlangoni mwa karakana yangu, mikono mifukoni, akiangalia seti ya meno niliyokuwa naing'arisha badala ya kuniangalia mimi.

"Fundi, usihangaike," akasema. "Nimeshakutafutia. Kuna sehemu mbili wanakutaka, kila moja na jiji lake. Nenda ukaone, uchague mwenyewe."

Nimekuwa nikitengeneza meno ya bandia katika chumba hiki tangu nilipomaliza chuo. Nusu ya mji huu inatafunia kazi ya mikono yangu. Sisemi hivyo kwa majivuno. Basi, nasema kwa majivuno, shajara ni yangu. Nikiwa sokoni na mtu akicheka, huwa nachungulia kwanza nione kama kicheko ni changu.

Majiji mawili yananigombania! Nimerudi nyumbani bila mwavuli na sikuhisi kitu.

Jumatano, 4 Machi
Nimemwambia Baba. Akaguna, akauliza kama mkate wake umeshalowekwa kwenye chai.

Jumamosi, 7 Machi
Niandike habari za Baba, maana bila yeye uamuzi huu ungekuwa mwepesi.

Baba alikuwa kiongozi wa bendi ya tarumbeta ya mji huu. Harusi, mazishi, shule kufunguliwa, daraja kuzinduliwa, yeye mbele na tarumbeta ya kwanza. Marehemu Mama alikuwa akisema hakuhitaji saa ya ukutani kujua mumewe anarudi, alimsikia tangu mtaa wa pili. Kisha meno ya juu yakaanza kumtoka, moja baada ya jingine, mpaka pakabaki ufizi mtupu. Siku aliyopuliza ikatoka mate badala ya sauti, aliitundika tarumbeta nyuma ya mlango. Bendi nayo ikatawanyika. Tangu hapo akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, na hacheki sana.

Na binti yake, anayelala chumba cha pili, ni fundi wa meno. Watu hawana haja ya kunitafutia methali: kinyozi hajinyoi. Nimembembeleza mpaka nimechoka.

"Meno ya kuwekwa yanatafuna, mama," hunijibu. Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Hayapigi tarumbeta. Sasa nikae natafuna tu, mimi mbuzi?"

Mimi mwenyewe alinifundisha tarumbeta nikiwa mdogo, na hakuwahi kunisifu. Ukipiga vibaya anakuambia. Ukipiga vizuri sana anasema, "Inapita." Zaidi ya hapo hana neno. Siku hizi napiga peke yangu karakanani baada ya kazi, nimeziba mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa ili majirani wasije na fimbo. Bendi ya kujiunga nayo hapa hakuna. Kwa hiyo nikienda kuangalia hayo majiji, sitaangalia karakana peke yake.

Jumatatu, 9 Machi
Mvua. Kaka amepiga simu. Jiji moja kati ya hayo mawili ndilo analoishi, lile ninaloliita Jiji la Ghorofa, na ukoo mzima ameshautangazia kwamba nahamia kwake.

"Huku utakuwa mkuu wa karakana, mdogo wangu. Mkuu!"

"Na bendi ipo?"

"Bendi gani?"

"Ya tarumbeta."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Mtu mzima unachagua jiji kwa ajili ya tarumbeta? Mshika mbili moja humponyoka."

Nikamwambia tarumbeta nayo hushikwa kwa mikono miwili na bado hupigwa. Halafu nikamkumbusha nani alikataa kazi nzuri kwa sababu ilikuwa mbali na uwanja wa mpira. Akadai mtandao unasumbua.

Jumamosi, 14 Machi
Jiji la Ghorofa. Lazima niseme ukweli: nimelipenda. Karakana ina sakafu nyeupe na taa zisizo na kivuli, na kuna mashine inayochonga meno yenyewe huku fundi amekunja mikono. Mkurugenzi, mtu mpole wa tai, alinitembeza akinitambulisha kwa mafundi wote kama vile nimeshaajiriwa. Wakasimama. Sijawahi kusimamiwa. Mwishoni akanionyesha mlango wenye kibao: MKUU WA KARAKANA. Chini yake pameachwa nafasi ya jina. Nilirefuka pale pale, naapa.

Jioni nikamburuta Kaka kutafuta bendi. Tulipata duka linalouza tarumbeta, muuzaji akatuambia wateja wengi huzitundika ukutani kama pambo. Kwenye ngazi za jengo la Kaka kuna tangazo linalokataza kelele za aina yoyote.

"Si utapiga ukija likizo kwa Baba?" Kaka akasema.

"Baba nitamwacha?"

Hakuwa amefikiria hilo.

Jumamosi, 21 Machi
Jiji la pili naliita Jiji la Mto, kwa kuwa kila ukielekezwa unaambiwa vuka daraja. Kliniki ni ndogo. Daktari wake ni mama mmoja mwenye haraka ambaye alinipokea na glavu mkononi. Karakana ni meza moja, kiti kimoja na dirisha la kuangalia maji. Nikamuuliza cheo changu kitakuwa nini. Akafikiri.

"Fundi," akasema.

Fundi tu! Baada ya kibao cha wiki iliyopita, neno hilo lilinishuka kooni kama kidonge bila maji.

Lakini akanielekeza kituo cha zimamoto. Kila Jumamosi alasiri wanatoa gari la zimamoto nje, linalowa mvua, ili bendi ipate ukumbi wa kufanyia mazoezi. Wapo wauza duka, makarani, nesi, dereva wa treni. Kiongozi wao ni mwanamke mnene mwenye sauti kama king'ora, husimama juu ya kreti, wanamwita Jemadari. Walipoanza, bati la paa lilitetemeka na vinyweleo vya mikono yangu vikasimama. Sikuwa nimesikia tarumbeta nyingi kwa pamoja tangu Baba alipotundika ya kwake.

Kiti cha tarumbeta ya kwanza kilikuwa kitupu, mwenyewe kahama. Nikauliza. Jemadari akanitazama juu mpaka chini.

"Njoo mwisho wa Mei tukusikilize," akasema. "Ukikiweza, ni chako."

Sasa nina kibao huku na kiti kule.

Jumapili, 22 Machi
Nimeamua kwenda Ghorofa.

Jumatatu, 23 Machi
Sijaamua.

Alhamisi, 2 Aprili
Mvua inashinda juu ya bati. Baba aliposikia habari za kile kiti aliacha chai yake ipoe.

"Tarumbeta ya kwanza? Wewe?"

"Mimi, ndiyo. Kwani nina nini?"

"Una mkono mzuri na pumzi fupi. Watakupa kitu gani upige?"

Nikamwambia. Ni kipande ambacho bendi yake ilikuwa ikifungia shughuli. Akakaa wima, akataka kunionyesha kwa mdomo pale panapopandwa mpaka sauti ya juu kabisa, lakini ufizi haushiki sauti, ikatoka miluzi na hewa. Akajaribu tena. Akapiga meza kwa ngumi.

"Nitengenezee hayo meno yako," akasema. "Ya kukuonyeshea tu. Usianze kushangilia."

Nilienda jikoni nikashangilia huko.

Jumamosi, 11 Aprili
Wiki nzima nimefanya kazi ya Baba baada ya kazi za watu. Meno ya bandia hupangwa kwanza kwenye nta, kwa sababu nta hurekebishika. Mgonjwa huyavaa akayajaribu, na akiridhika ndipo nta hubadilishwa kuwa kitu kigumu. Nimempangia Baba meno ambayo hata mfalme hana. Yamenyooka kama askari kwenye gwaride. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwambia aseme sabuni, sisimizi, sitasita. Yote yakatoka safi. Nikamwambia atabasamu, Daktari akapiga makofi.

Baba akajiangalia kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Huyu nani?" akauliza.

Tulicheka. Sikujua kwamba lilikuwa swali.

Jumamosi, 18 Aprili
Yameharibika. Si meno, meno ni mazuri. Ni kila kitu kingine.

Jana niliyamalizia, leo asubuhi akayavaa. Akachana nywele, akavaa shati la kola. Akaitoa tarumbeta nyuma ya mlango, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, nami nikasimama kando nimejaa fahari mpaka kifua kinauma. Akapuliza. Ukatoka upepo. Akasogeza kikombe cha kupulizia kushoto, akakirudisha kulia, akakibonyeza, akapuliza tena, upepo. Aliendelea hivyo mpaka midomo ikawa myekundu. Mwisho akayatoa meno, akayaweka kwenye glasi ya maji taratibu sana, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Kazi yako ni nzuri, mama," akasema. "Nilikwambia tu hayapigi."

Afadhali angenitukana. Nilitoka nikalia mvuani, hapo angalau machozi hayaonekani.

Jumapili, 19 Aprili
Baba amelowekewa mkate. Meno yamo kwenye glasi.

Jumatano, 22 Aprili
Kaka anasema Mkurugenzi anataka jibu ifikapo mwisho wa Mei. Nimemwambia labda. Akasikia ndiyo.

Jumapili, 26 Aprili
Leo Baba alivaa meno ili ale nyama, kwa kunionea huruma nadhani. Akatafuna kimya, akayasukuma kwa ulimi, akasema kama anajisemea:

"Mama yako asingenijua na meno haya. Mgeni hayupo."

"Mgeni gani?"

"Jino langu la mbele, la kushoto. Lilitokeza nje kidogo, limegeuka. Mama yako alikuwa akiliita mgeni. Limesimama mlangoni, haliingii wala haliondoki. Wewe ulizaliwa ukalikuta, umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Nikamuuliza alikuwa akikiweka wapi kikombe cha tarumbeta.

"Si hapo hapo juu ya mgeni? Kilikuwa kinakaa chenyewe."

Nilisimama kwa kishindo mpaka kiti kikaanguka. Chuoni tulifundishwa kunyoosha. Kila anayekuja kwangu anataka yanyooke, hakuna aliyewahi kuniomba jino la kupinda, na mkono wangu umezoea kunyoosha bila kuniuliza. Halafu nikamjaribu mpiga tarumbeta kwa sabuni na sisimizi! Sikumpa tarumbeta. Mimi, niliyeishi na tarumbeta hiyo nyumba moja.

"Baba," nikasema, "naomba mdomo wako tena."

"Hebu nimalize nyama," akasema.

Jumamosi, 2 Mei
Nimepanga upya kwenye nta, na leo nimemwita karakanani yeye pamoja na tarumbeta. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba tuliongea kwa kupaaza sauti. Nikaipasha nta moto kidogo pale kwenye jino la kushoto, ikalainika, nikamvalisha.

"Usipulize bado. Weka kikombe pale midomo inapotaka. Kandamiza polepole, basi."

Akafumba macho. Nikaiona midomo ikitafuta, ikisogea, ikitulia. Alipotoa kikombe, jino lilikuwa limegeuka. Tarumbeta yenyewe ndiyo iliyolipeleka mahali pake. Nikalipoza kwa maji baridi, nikamrudishia, tukafanya hivyo tena na tena, kidogo kidogo, mpaka mkono wangu ukajua.

"Sasa puliza. Pole pole, ni nta."

Ikakwaruza kwanza. Kisha ikatoka sauti moja, nyembamba, ndefu, safi. Baba akafumbua macho akaniangalia. Akapuliza nyingine juu yake.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, Daktari huyo, nyuma yake mgonjwa na kitambaa chake kifuani, mdomo wazi. Baba akaimaliza sauti yake. Kisha Daktari akasogea, akainama, akachungulia mdomoni mwa Baba, mazoea hayana dawa.

"Fundi, la kushoto limepinda."

"Najua."

"Hulinyooshi?"

"Nikilinyoosha nitamnyamazisha."

Akanyanyuka akanitazama. Miaka yote nimefanya naye kazi, leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona akikosa la kusahihisha.

Jumamosi, 9 Mei
Meno magumu yamekamilika, na mgeni yuko mlangoni. Baba hupiga kila asubuhi. Majirani wamekuja, lakini bila fimbo. Kwangu amekuwa mwalimu mkali kuliko zamani. Jana alinirudisha kipande kimoja mpaka nikatamani angekuwa bado hana meno.

Jumamosi, 16 Mei
Mkurugenzi wa Jiji la Ghorofa aliniomba picha ya kazi ninayojivunia kuliko zote, awaonyeshe mafundi wangu wa baadaye. Sikufikiri mara mbili, nikamtumia meno ya Baba. Akapiga simu.

"Nzuri sana. Ila la mbele kushoto lina kasoro. Tutumie nyingine."

Nikamweleza yote, jino, tarumbeta, nta. Alisikiliza mpaka mwisho, ni mtu wa heshima.

"Nakuelewa, dada yangu. Lakini huku jino kama hilo hurudishwa likanyooshwe. Na anayerudisha ni mkuu wa karakana."

"Yaani mimi."

"Yaani wewe," akasema, kwa furaha kabisa.

Nimekaa nikikifikiria kile kibao. Nafasi chini yake ni ndogo, na mgeni wetu asingeenea hapo. Hata hivyo sijamjibu. Kiti cha Jiji la Mto bado si changu, na nikikikosa nitakwenda kuwa fundi tu, bila hata bendi ya kujivunia. Naogopa hilo, niandike wazi.

Jumamosi, 30 Mei
Nimeenda Jiji la Mto na Baba. Alinibebea sanduku la tarumbeta akikataa kupokewa na mtu. Gari la zimamoto lilikuwa nje kama kawaida, bendi ndani, Jemadari juu ya kreti.

Nilipiga. Nilipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga, ila pale panapopandwa pumzi ilinipungukia kidogo, nikaikata sauti mapema. Jemadari akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua mdomo aseme neno.

"Siyo hivyo, mama," Baba akasema.

Alikuwa ameinuka kwenye benchi la wageni. Nilijua anachotaka kufanya, alikuwa akinifanyia hivyo tangu utotoni. Akaichukua tarumbeta mikononi mwangu, mbele ya watu wote, ili kunionyesha. Akaiweka juu ya mgeni. Na akapanda.

Siwezi kuiandika sauti ile. Naandika tu kwamba mpiga ngoma kubwa aliweka rungu lake chini, na wazima moto waliokuwa nje wakaja mlangoni na mvua mabegani. Baba alisahau kwamba ananionyesha. Alikipiga kipande chote mpaka mwisho, kama alivyokuwa akifungia shughuli.

Jemadari akashuka kwenye kreti.

"Mzee, umetoka wapi wewe?"

"Nimemsindikiza binti."

"Basi binti umefika," akanigeukia. "Una sauti nzuri, pumzi itakuja. Kipo kiti cha tarumbeta ya tatu, ni chako kama unakitaka. Cha kwanza kimeshapata mtu."

Nikageuka kutazama ni nani. Baba naye akageuka.

Nilikasirika kwa muda wa kupiga chafya. Kwa ajili ya kiti kile nilikuwa nimevunja midomo yangu masika mazima! Kisha Jemadari akamkaribia Baba, akamchungulia.

"Samahani, Mzee. Hayo meno ni ya kwako?"

Nikasubiri kiganja kipande mdomoni. Hakikupanda.

"Ya kwangu," Baba akasema. "Kayatengeneza huyu. Huyu hapa, mwanangu. Zunguka majiji yote unayoyajua, fundi kama huyu hutampata. Alinitengenezea mazuri, nikashindwa kupiga. Akayavunja mazuri yake akanitengenezea haya."

Mtu ambaye neno lake kubwa ni "inapita"! Nilishika kingo za benchi. Sikulia, hakukuwa na mvua ya kunificha.

Tulipokuwa tunafunga sanduku, mzee mmoja wa tarumbeta kubwa alinisogelea, kafunika mdomo kwa kiganja. Nikamjua kabla hajasema kitu.

"Binti," akanong'ona, "utahamia lini?"

Jumapili, 31 Mei
Nimewajibu wote. Mkurugenzi alinitakia heri kwa moyo. Kaka hakunitakia.

"Yaani umekataa ukuu. Huko utakuwa nani?"

"Fundi," nikamwambia. Safari hii neno lilitoka bila shida. "Na tarumbeta ya tatu."

"Ya tatu! Ya kwanza nani?"

"Babako."

Simu ikawa kimya, na mtandao ulikuwa mzuri. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtoto, kama kutoka kwake mpaka Jiji la Mto ni mbali.

Jumamosi, 13 Juni
Mvua zimekwisha, nami na Baba tumeshahamia Jiji la Mto. Meza yangu iko dirishani, nta ya yule mzee wa tarumbeta kubwa iko juu yake, na kila mgonjwa sasa namuuliza kwanza mdomo wake anautumia kwa kazi gani. Jana mmoja aliniambia, "Kugombana," nikamtengenezea imara.

Leo mazoezini gari la zimamoto lilikuwa juani. Katikati ya kipande mpiga matoazi alishikwa na usingizi, akaingia peke yake pasipo na matoazi kabisa, bendi nzima ikaangua kicheko. Nikamtafuta Baba kule mbele, kwenye kiti cha kwanza. Alikuwa amerudisha kichwa nyuma anacheka, mikono yote miwili kwenye tarumbeta, mdomo wazi, mgeni amesimama mlangoni kila mtu anamwona.

Nikamwangalia kwa jicho la fundi, kama ninavyowaangalia watu sokoni. La kushoto limegeuka, limetokeza, halilingani na jirani yake.

Inapita.